Kuuliza Kabla ya Kutoa: Somo la Mashirika ya Misaada ya Texas

Katika mji wa Fort Worth, jimboni Texas, kusini mwa Marekani, shirika moja la misaada lilifanya jambo ambalo mashirika mengi ya aina yake huliogopa. Kuanzia mwaka 2013 lilikubali mpango wake wa kuwasaidia wanafunzi maskini upimwe na wachumi wa chuo kikuu. Jambo hilo lilikuwa na hatari yake, kwa kuwa vipimo vingeweza kuonyesha kwamba fedha na jasho la wafanyakazi vilipotea bure.

Sehemu moja ya jibu ikawa karibu na hivyo. Wanafunzi waliopewa nafasi ya kupata fedha za dharura peke yake hawakufanya vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa chochote. Lakini wale waliopewa fedha hizo pamoja na mtu wa kuwasikiliza na kuwasindikiza katika matatizo yao ya kila siku walidumu chuoni na kuhitimu kwa wingi zaidi, hasa wanawake.

Tofauti baina ya makundi hayo mawili ndiyo kiini cha mbinu ambayo katika miaka ya karibuni imeenea miongoni mwa mashirika yasiyotafuta faida duniani kote. Wataalamu huiita fikra za usanifu. Inayotakiwa ndani yake ni kumwelewa kwanza mwenye tatizo, kisha kuuliza iwapo tatizo lililoandikwa kwenye makaratasi ndilo tatizo lenyewe, na hatimaye kulijaribu suluhisho kwa kiwango kidogo kabla ya kulitandaza kwa wote.

Jicho la msanifu

Msikilizaji ambaye amewahi kushonewa nguo anaijua mbinu hii hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Fundi cherehani mzuri hakati kitambaa kabla ya kumpima mteja na kumuuliza nguo ni ya shughuli gani. Akishakata, hupiga bandi kwanza, akamwita mteja aijaribu, akaona panapobana na panapolegea, ndipo akaishona moja kwa moja. Bandi hufumuliwa kwa dakika chache, lakini kitambaa kikishakatwa vibaya hakirudi.

Kuifanya tabia hiyo ya mafundi kuwa somo la vyuoni ni kazi iliyoanza katika karne iliyopita. Mwaka 1969 msomi wa Kimarekani Herbert Simon, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alichapisha kitabu kilichosema kwamba kila mtu anayepanga njia ya kuibadilisha hali iliyopo kuwa hali bora zaidi anafanya kazi ya usanifu, awe mhandisi, daktari au mtunga sera. Mwaka 1991 David Kelley na wenzake waliunda kampuni ya usanifu ya IDEO katika jimbo la California, na katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii Kelley akaongoza kuanzishwa kwa taasisi ya usanifu katika Chuo Kikuu cha Stanford. Huko wanafunzi wa fani mbalimbali hujifunza kuyatatua matatizo ya watu kwa njia hiyo.

Mwanzoni mbinu hiyo ilitumiwa zaidi na makampuni ya biashara. Mwaka 2010 Tim Brown na Jocelyn Wyatt wa IDEO waliandika makala mashuhuri wakieleza namna inavyoweza kuyafaa mashirika ya kijamii, na mwaka 2011 likaanzishwa shirika la IDEO.org, lisilotafuta faida, kwa ajili ya kazi hiyo hasa.

Kwa kawaida mbinu hii huelezwa kwa hatua tano. Ya kwanza ni kusikiliza na kutazama: kukaa na mwenye tatizo pale anapoishi na kufanya kazi, na kuona anachokifanya pamoja na anachokisema. Ya pili ni kuliainisha tatizo kwa maneno mafupi, kutokana na yale yaliyosikika. Ya tatu ni kukusanya mawazo mengi bila ya kuyakataa mapema. Ya nne ni kutengeneza kielelezo cha gharama ndogo, kiwe ni kifaa, fomu au utaratibu mpya wa kuwapokea watu ofisini. Ya tano ni kukijaribu kielelezo hicho kwa watu wachache, na kuwa tayari kurudi nyuma iwapo hakifai. Kwa maana hiyo hatua hizi hazifuati mstari ulionyooka, kwani jaribio likishindwa huweza kumrudisha mtu hadi ile ya kwanza.

Tatizo lilivyobadilika sura

Fort Worth uko magharibi ya Dallas, mwendo wa kiasi cha kilomita 50. Zamani ulikuwa mji wa biashara ya ng'ombe, na hata leo wenyeji huuita mji wa ng'ombe kwa utani. Sasa una wakazi takriban milioni moja, na umo katika orodha ya miji mikubwa ya Marekani inayokua kwa kasi. Hata hivyo ukuaji huo haukuwafikia wote kwa usawa.

Miongoni mwa mashirika yanayowahudumia maskini wa mji huo ni Catholic Charities Fort Worth, shirika la misaada la Kanisa Katoliki ambalo huwahudumia watu wa dini zote. Kwa muda mrefu kazi zake zilifanana na za mashirika mengine ya aina hiyo: kulipa bili ya umeme ya familia inayokaribia kukatiwa, kusaidia kodi ya nyumba, kutoa ushauri na kuwapokea wakimbizi. Chini ya uongozi wa Heather Reynolds, shirika hilo likaanza kujiuliza swali zito zaidi. Familia inayolipiwa bili mwezi huu hurudi tena mwezi ujao. Je, lipo jambo linaloweza kuiondoa kabisa katika umaskini?

Jibu moja lilikuwa elimu. Katika kaunti ya Tarrant, ambako ndiko uliko mji wa Fort Worth, kipo chuo cha jamii kiitwacho Tarrant County College. Vyuo vya jamii nchini Marekani hutoza ada nafuu, huwapokea wanafunzi bila ya masharti makali, na hutoa shahada ndogo ya miaka miwili ambayo humwezesha mtu kupata kazi yenye mshahara bora au kuendelea na chuo kikuu. Kwa maskini, huo ndio mlango ulio karibu zaidi.

Taabu ni kwamba wengi huingia kwa mlango huo na kutoka kabla ya kuhitimu. Kwa miaka mingi tatizo hilo lilielezwa kwa namna mbili: ama wanafunzi hawana fedha za ada, au hawakuandaliwa vyema kimasomo. Kwa hiyo suluhisho zilizotolewa zilikuwa ni za aina mbili vilevile, yaani ruzuku za masomo na madarasa ya ziada.

Lakini anayeyatazama maisha ya mwanafunzi wa aina hiyo kuanzia asubuhi hadi usiku huona mambo mengine. Chukulia mama mwenye watoto wawili, anayefanya kazi dukani mchana na kusoma jioni. Ada yake imelipwa na ruzuku ya serikali. Gari lake linaharibika siku ya Jumatatu. Katika eneo la Fort Worth gari si anasa, kwa sababu umbali ni mkubwa na mabasi ni machache. Mji jirani wa Arlington, wenye wakazi karibu laki nne, umejulikana kwa miaka mingi kuwa hauna mtandao wa kawaida wa mabasi ya umma. Bila ya gari, mama huyo anachelewa kazini, anapunguziwa saa za kazi, anakosa fedha za kumlipa anayewalea wanawe, anakosa vipindi viwili, na mwisho wa mwezi anaacha chuo. Katika daftari la chuo ataandikwa kuwa ameacha masomo, na hakuna mahali patakapoandikwa kwamba chanzo kilikuwa gari.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tatizo lililokuwa likiitwa tatizo la masomo likaonekana kuwa, kwa sehemu kubwa, ni tatizo la maisha nje ya darasa. Na tatizo likishabadilika jina, dawa yake nayo haina budi kubadilika.

Mtu wa kumsindikiza

Ndipo ukaanzishwa mpango ulioitwa Stay the Course, kwa maana ya kudumu katika safari hadi mwisho. Shirika liliweka wafanyakazi wa ustawi wa jamii, walioitwa waongozaji, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo hicho.

Mwongozaji hakuwa mwalimu wala karani wa mikopo. Kazi yake ilikuwa kumjua mwanafunzi na familia yake, kukaa naye na kuorodhesha vikwazo vinavyoweza kumtoa chuoni, kupanga naye hatua za kuvishughulikia, na kumtafuta anapopotea. Aidha, ulikuwapo mfuko wa dharura ambao mwanafunzi aliweza kuupata hadi kiasi cha dola 1,500 katika kipindi cha miaka mitatu, kwa mambo kama matengenezo ya gari au malezi ya mtoto, pale ambapo jambo hilo lilitishia kuyakatiza masomo.

Waliouendesha mpango huu walikuwa wafanyakazi wa ustawi wa jamii na wachumi, wala hawakuwa wasanifu. Hata hivyo njia waliyopita inafanana sana na ile ya fundi cherehani. Walimpima mteja kwanza, wakalitaja tatizo upya, wakashona kwa bandi, kisha wakaijaribu nguo.

Kuweka mpango kwenye mizani

Jaribio lenyewe lilifanywa kwa ushirikiano na maabara ya utafiti wa fursa za kiuchumi ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, katika jimbo la Indiana. Maabara hiyo iliasisiwa mwaka 2012 na wachumi William Evans na James Sullivan, kwa lengo la kuyasaidia mashirika ya misaada kujua ni mipango ipi inayofaa kweli.

Wanafunzi wenye kipato kidogo waliotimiza masharti waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa mwongozaji pamoja na mfuko wa dharura. Kundi la pili lilipewa mfuko wa dharura peke yake. Kundi la tatu halikupewa chochote cha ziada, ila liliendelea kupata huduma za kawaida za chuo. Ufuatiliaji uliendelea kuanzia muhula wa mwisho wa mwaka 2013 hadi mwaka 2016.

Huenda msikilizaji akauliza: ni haki gani hiyo ya kumnyima mtu msaada ili apimwe? Swali hilo ni la msingi, na hujadiliwa kila panapofanywa utafiti wa aina hii. Hoja inayotolewa na watafiti ni kwamba shirika halina nafasi za kuwatosha wote. Mahali ambapo wengine watakosa kwa vyovyote vile, kura huwapa watu nafasi sawa, na haimpendelei anayejuana na karani au aliyewahi kufika mapema. Zaidi ya hayo, mpango usiopimwa unaweza kuwapotezea muda maelfu ya watu kwa miaka mingi bila ya yeyote kujua.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 na Evans na Sullivan, pamoja na wenzao Melissa Kearney na Brendan Perry, yalionyesha kwamba mpango kamili uliongeza kwa kiwango cha kuonekana wazi idadi ya waliodumu chuoni na waliohitimu baada ya mihula sita, na kwamba faida hiyo ilionekana hasa kwa wanawake. Kwa upande wa waliopewa mfuko wa dharura peke yake, hapakuwa na tofauti baina yao na wale ambao hawakupewa kitu.

Matokeo hayo yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba fedha pekee si dawa ya kila dhiki. Mtu aliyezongwa na mambo matano kwa wakati mmoja hahitaji hundi tu, bali anahitaji mtu wa kukaa naye na kuamua lipi lianze, nani apigiwe simu na karatasi ipi ipelekwe wapi. La pili ni kwamba hata mpango uliofaulu haukumfaa kila mtu kwa kiwango kimoja. Kwa msanifu hilo la pili ni mwanzo wa kazi nyingine, yaani kurudi kwa wanaume wale, kuwasikiliza upya na kuuliza ni nini kilichokosekana kwao.

Baadaye shirika hilo la Fort Worth liliipeleka fikra hiyo nje ya chuo, katika mpango mwingine uitwao Padua, ambamo familia maskini hutengenezewa mpango wake yenyewe badala ya kupewa huduma moja iliyokwisha kupangwa kwa wote. Mpango huo pia ulipimwa kwa kura. Heather Reynolds mwenyewe, baada ya kuliongoza shirika hilo kwa miaka kadhaa, alihamia katika maabara ile ya Notre Dame mwaka 2019 kuwa mmoja wa viongozi wake.

Hatua 76 za Houston

Umbali wa takriban kilomita 400 kusini-mashariki ya Fort Worth uko mji wa Houston, mkubwa kuliko yote katika jimbo la Texas. Huko swali lilikuwa jingine, nalo ni watu wasio na makazi.

Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Houston ulikuwa na maelfu ya watu waliolala barabarani au katika mabweni ya muda. Mashirika ya kuwasaidia hayakukosekana. Yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na fomu zake, masharti yake na wafadhili wake. Wahusika walipokaa pamoja na kuifuatilia njia anayopita mtu mmoja, askari mstaafu asiye na makazi, kutoka barabarani hadi kwenye nyumba ya kudumu, ilibainika kwamba alitakiwa kupita hatua 76 za kiofisi, na kwamba safari hiyo ilimchukua siku 720. Hiyo ni karibu miaka miwili, katika maisha ya mtu ambaye mara nyingi hana simu, hana anwani na pengine hana hata kitambulisho.

Kuichora njia ya mhudumiwa hatua kwa hatua ni mojawapo ya zana kongwe za fikra za usanifu. Faida yake ni kwamba humwonyesha kila afisa kile ambacho hakioni akiwa kwenye meza yake. Karani wa kila meza huenda anafanya kazi yake vizuri kabisa. Kasoro imo katika nafasi iliyopo baina ya meza moja na nyingine, na huko hakuna aliyeajiriwa kukutazama.

Wakati wa umeya wa Annise Parker, aliyeuongoza mji huo kuanzia mwaka 2010 hadi 2016, mashirika zaidi ya 100 ya mji na vitongoji vyake yalikubali kufanya kazi kwa utaratibu mmoja. Orodha ikawa moja na mlango wa kuingilia ukawa mmoja. Sera nayo ikageuzwa: mtu apewe nyumba kwanza, ndipo asaidiwe katika ulevi, maradhi au ukosefu wa kazi. Kabla ya hapo mara nyingi alitakiwa ajirekebishe ndipo astahili nyumba.

Mwezi Juni mwaka 2015 viongozi wa Houston walitangaza kwamba kila askari mstaafu asiye na makazi aliyehitaji nyumba sasa angeweza kupatiwa. Kufikia mwaka 2022 zaidi ya watu 25,000 walikuwa wamehamishiwa katika nyumba, idadi ya wasio na makazi ilikuwa imepungua kwa asilimia 63 tangu mwaka 2011, na muda wa kusubiri ulikuwa umeshuka kutoka siku 720 hadi 32. Kazi hiyo haijamalizika, kwani watu wapya huendelea kupoteza nyumba zao, na mpango wa aina hii huhitaji fedha kila mwaka. Lakini hatua zile nyingi hazikupunguzwa kwa kuongeza fedha peke yake. Zilipunguzwa baada ya watu kukubali kuzihesabu.

Kutoka Thika hadi Msumbiji

Mfano ulio karibu zaidi na wasikilizaji wengi wa Kiswahili upo mfukoni mwao. Mwezi Oktoba mwaka 2005 lilianza nchini Kenya, katika Nairobi na Thika, jaribio dogo la kutumia simu za mkononi kwa ajili ya wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Jaribio hilo liliendeshwa na Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Kusudi lilikuwa wakopaji waweze kurejesha mikopo yao kwa simu, bila ya kusafiri na fedha taslimu.

Waendeshaji wakawatazama wateja, na wakaona jambo ambalo hawakulipanga. Watu waliitumia huduma hiyo kutumiana fedha, kulipana katika biashara, na kuhifadhi fedha zao wanaposafiri ili wasiibiwe njiani. Tatizo walilokuwa nalo lilikuwa kufikisha fedha mahali zilipohitajika, hasa kwa jamaa walio mbali. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi mwaka 2007, suala la kurejesha mikopo liliachwa kando, na kutuma fedha nyumbani kukawekwa mbele. Laiti jaribio lile lingepimwa kwa swali moja tu, yaani ni wangapi waliorejesha mikopo, huenda lingefungwa na kusahauliwa.

Upande wa pili wa mizani upo mfano wa bembea za kuvuta maji zilizobuniwa Afrika Kusini. Wazo lilikuwa la kupendeza: watoto wazungushe bembea wakicheza, nayo ivute maji kutoka kisimani. Mwaka 2006 serikali ya Marekani pamoja na taasisi za hisani zilitangaza msaada wa dola milioni 16.4, na ikapangwa kwamba bembea 4,000 ziwekwe katika nchi mbalimbali za Afrika kufikia mwaka 2010.

Lakini watoto hawachezi kutwa, na huchoka. Katika vijiji kadhaa, Msumbiji ikiwemo, wanawake walijikuta wakiizungusha bembea wenyewe, wakiwamo wazee, ilhali pampu ya mkono waliyoizoea ilikuwa imeondolewa. Bembea ilipoharibika, mafundi walikuwa mbali. Mwaka 2010 taasisi ya Case Foundation, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili wakuu, ilikiri hadharani kwamba mpango huo haukufikia lengo. Kukiri huko kulisifiwa, kwa kuwa si jambo la kawaida. Lakini swali la msingi, yaani ni nani anayeteka maji na kwa saa zipi, lingeweza kuulizwa kwa gharama ya nauli na siku chache za kukaa kijijini.

Mbinu hii nayo ina kasoro

Haifai kudhani kwamba fikra za usanifu ni dawa isiyo na madhara. Mwaka 2017 mbunifu Natasha Jen wa kampuni ya Pentagram mjini New York aliikosoa vikali, akisema kwamba imegeuzwa kuwa mfululizo wa hatua na vikaratasi vya rangi ukutani, huku sehemu muhimu ya kazi ya usanifu, yaani kukosoana bila ya huruma na kuonyesha ushahidi, ikiachwa nje.

Wakosoaji wengine wanasema kwamba warsha ya siku mbili haimpi mgeni ujuzi wa maisha ya mtu, na kwamba yapo matatizo yasiyotatuliwa kwa ubunifu, kama vile mshahara usiotosha kodi ya nyumba au sheria inayowabagua baadhi ya watu. Mwongozaji anaweza kumsaidia mama mwanafunzi kulitengeneza gari lake, lakini hawezi kuanzisha mtandao wa mabasi.

Ndiyo maana hatua ya mwisho, ile ya kujaribu na kupima, ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Mashirika ya misaada huishi kwa sifa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ripoti kwa mfadhili huorodhesha warsha zilizofanyika na watu waliohudhuria. Si rahisi kuandika kwamba nusu ya mpango haikuleta tofauti, hasa pale ambapo mshahara wa mwandishi unategemea ripoti hiyo. Fort Worth ni mfano mzuri kwa sababu hiyo: utafiti uliousifu mpango mzima ndio huohuo uliosema kwamba mfuko wa dharura peke yake haukusaidia.

Faida kwa vyama vidogo

Somo hili linawahusu pia Waafrika Mashariki wanaoishi katika eneo hilo. Fort Worth ni miongoni mwa miji ya Texas iliyowapokea wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili. Mwezi Januari mwaka 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, na mashirika yaliyowahudumia yakapungukiwa na fedha na wafanyakazi. Katika hali kama hiyo mzigo mkubwa huangukia vyama vidogo vya wenyeji, makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama, ambavyo haviwezi kumudu hasara ya mradi usiofaa.

Vyama kama hivyo havihitaji mshauri wa kulipwa ili kuanza. Chukulia chama kinachoendesha darasa la Kiingereza jioni, na wanafunzi wake wanapungua kila wiki. Jambo la haraka ni kuomba fedha za kununua vitabu vipya. Njia ya msanifu ni kuwatembelea kwanza watu watano walioacha, na kuwauliza siku yao ya mwisho ya kuhudhuria ilikuwaje tangu asubuhi. Pengine itaonekana kwamba wanafanya kazi zamu ya usiku, au hakuna wa kubaki na watoto, au aibu imewazuia kukaa darasa moja na wakwe zao. Kila jibu lina dawa yake, na hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa vitabu.

Kisha chama hujaribu dawa moja kwa wiki nne, kwa kikundi kimoja, kikiwa kimeandika tangu mwanzo ni idadi gani ya mahudhurio itakayohesabiwa kuwa mafanikio. Idadi hiyo isipofikiwa, chama hakibadilishi hesabu ili kuwapendeza wajumbe, bali hurudi kwa watu walewale watano.

Jambo kubwa katika yote haya ni heshima. Anayepewa msaada bila ya kuulizwa huchukuliwa kama chombo kitupu kinachongoja kujazwa. Anayeulizwa huchukuliwa kama mtu mwenye ujuzi wa maisha yake mwenyewe, ujuzi ambao afisa, hata awe na shahada ngapi, hana njia ya kuupata isipokuwa kwake. Wanafunzi wa Fort Worth waliokaribia kuacha chuo walikijua chanzo cha dhiki yao muda mrefu kabla ya wataalamu, na walichongoja ni mtu wa kuja kuwauliza.